Mwanamke Mwenye Mwiko

Barua ilishuka kutoka juu siku ya Jumatatu na, kama ilivyo ada ya barua za kutoka juu, ilitaka kazi ya miaka arobaini ifanywe kwa wiki tatu. Kila halmashauri iwatambue wanawake waliochangia historia ya eneo lake, iwatunuku hadharani, kisha itume picha. Neno "picha" lilipigiwa mstari mara mbili. Neno "historia" halikupigiwa hata mmoja.

Mwenyekiti wa halmashauri hakuwa mtu wa kulaza damu palipo na kamera. Kabla ya adhuhuri alikuwa ameshaunda Kamati ya Kuwaenzi Wanawake, yenye wajumbe saba, wote wanaume wenye heshima zao, vitambi vyao na simu zao mbilimbili. Mmoja wao akanong'ona kwamba kamati ya wanawake isiyo na mwanamke huenda isipendeze kwenye picha. Mwenyekiti akatupa jicho mlangoni, akamwona mtunza majalada anapita koridoni na rundo la mafaili kifuani, akamwita aingie. Hivyo ndivyo jinsia ilivyozingatiwa. Mama wa watu akapewa kazi ya kuandika mihtasari na, kwa kuwa birika lilikuwa karibu na kiti chake, ya kumimina chai.

Pale ofisini jina lake halikuwa na kazi. Kwa miaka ishirini na sita walimwita Masjala, yaani walimpa jina la chumba chake: chumba cha mwisho kabisa, chenye dirisha moja lisilofunguka na rafu za chuma zilizopinda kwa uzito wa karatasi. Wakubwa walikuja wakaenda. Masjala alibaki, maana yeye peke yake ndiye aliyejua kila kitu kilizikwa wapi.

Kikao cha kwanza kilianza vizuri sana. Mwenyekiti alisema waanze na mfano ulio wazi, akamtaja mama yake mzazi. Mjumbe mmoja akauliza kwa unyenyekevu mchango wake kwa historia ni upi, ili muhtasari ukae sawa. Mwenyekiti alimtazama kama mtu aliyeulizwa jua huchomoza upande gani.

"Alinizaa," alisema.

Masjala akaandika: alimzaa Mwenyekiti. Hapo mlango ukawa umefunguka. Naibu akamkumbuka mama mkwe wake, aliyekuwa mcha Mungu. Diwani mmoja akamkumbuka mkewe kwa kuwa amemvumilia, na hoja hiyo ilipita bila kupingwa kwa sababu wote walikuwa wakimjua diwani. Mwishowe afisa utamaduni, msomi wa kuvaa tai hata siku za joto, akapendekeza wamtunuku Mwanamke Asiyejulikana. Historia ya wanawake wa mji huu, alieleza kwa huzuni ya kisomi, kwa bahati mbaya haikuandikwa popote.

Masjala alikuwa ameshika birika. Akaliweka chini.

"Imeandikwa," alisema. "Ipo kwenye faili."

Lilikuwa faili nene kuliko yote kwenye rafu ya nne, limefungwa kwa kamba ya katani, na juu yake karani wa zamani alikuwa ameandika kwa wino wa bluu: USUMBUFU WA WANAWAKE, SOKONI. Masjala alilijua kwa unene wake tu, na kwa kurasa mbili tatu alizozipitia siku panya walipoitafuna kamba. Alasiri hiyo alijifungia nalo, akalisoma lote.

Miaka arobaini na miwili nyuma, soko lilikuwa na choo kimoja, cha wanaume. Si kwamba wanawake walisahauliwa, la. Mchoraji wa ramani aliwafikiria kabisa, akaandika pembeni kwa penseli: "Wanawake watakwenda nyumbani." Wauza mboga waliofika alfajiri na kuondoka jioni wakawa wanabana tumbo mpaka wengine wakaugua. Waliandika barua tisa. Zote tisa zilijibiwa kwamba suala lao linashughulikiwa. Ya kumi hawakuiandika, walichimba shimo. Walikuwa kumi na mmoja, wakafyatua matofali wenyewe, wakajenga choo nyuma ya banda la viazi. Halmashauri, ambayo kwa miaka sita haikupata nafasi ya kujenga, ilipata nafasi ya kubomoa ndani ya siku nne. Wakajenga tena. Ikabomoa tena. Mara ya tatu bwana afya alikwenda mwenyewe na askari wawili, na ripoti yake, iliyopigwa chapa kwa hasira mpaka nukta zikatoboa karatasi, ilisema hivi:

"Nilimkuta juu ya jukwaa mwanamke mmoja mjeuri, ana mwiko mkononi. Nilimwamuru ashuke. Alinijibu kwamba saruji itamkaukia, kwa hiyo nimngoje. Nilimngoja dakika ishirini na tano."

Wote kumi na mmoja waliwekwa ndani siku mbili. Siku ya tatu mji mzima ulikuwa hauna mboga, na mke wa mwenyekiti wa enzi hizo alimweleza mumewe jambo ambalo halikuingia kwenye faili. Wakaachiwa, na choo kikaachwa. Baada ya miezi sita halmashauri ilikipaka rangi, ikakata utepe, ikabandika jiwe: KIMEJENGWA NA HALMASHAURI. Jiwe hilo Masjala alilipita kila Jumamosi akienda kununua nyanya.

Ukurasa wa mwisho ulikuwa na majina kumi na moja, kila moja na alama ya dole gumba. Mbele ya jina la nne paliandikwa: "Huyu ndiye mwenye mwiko." Masjala alilisoma, akavua miwani, akaipangusa kwa pindo la nguo, akalisoma upya. Lilikuwa jina la mama mkwe wake.

Waliishi nyumba moja mwaka wa kumi na tisa sasa. Mume wa Masjala alikuwa dereva wa malori ya masafa, mtu wa kuja na kuondoka, kwa hiyo nyumba iliachiwa wanawake wawili waliopendana kwa adabu na kwa mbali. Bibi alikuwa amefikisha miaka themanini kasoro mmoja, magoti yamemgomea, ulimi haujamgomea hata siku moja. Tangu Masjala aolewe hakuwahi kumwona akiishika sufuria ila kwa kuikosoa. Kazi yake ilikuwa kukaa sebuleni na kuzisema kuta: hii imepinda, ile imetuna, fundi wa dirisha lile alikuwa mlevi. Masjala aliyachukua hayo kuwa ni mafumbo ya ukwe, maneno ya kumpiga yeye kwa mgongo wa ukuta.

Jioni ile alimkuta anaitazama pembe ya chumba kama mwalimu anavyotazama daftari la mwanafunzi mvivu. Akavuta kiti.

"Mama, ule mwiko ulikuwa wa nani?"

"Upi?"

"Wa sokoni. Wa choo."

Bibi alijisugua goti.

"Wa kaka yangu," alisema. "Yeye alikuwa mwashi, mimi nambebea udongo. Ukibeba udongo miaka minane na macho unayo, unajua."

"Miaka yote hii, mbona hukutuambia?"

"Nani aliniuliza? Wewe uliingia nyumba hii ukaniuliza kama natumia sukari. Nikakujibu."

Hakulisema kwa ubaya, na ndiyo maana lilimwingia Masjala mpaka kwenye mfupa. Yeye ndiye aliyelipwa mshahara kutunza kumbukumbu za watu. Miaka kumi na tisa alikuwa analihamisha faili kutoka rafu hii kwenda ile, na kumpeleka bibi kutoka zahanati hii kwenda ile, na hata siku moja hakuwakutanisha. Usiku huo bibi alisimulia mengi: jinsi walivyofyatua matofali na watoto mgongoni, jinsi walivyopanga zamu ili askari akija amkute mtu anauza vitunguu. Akamtaja mmoja mmoja kati ya wale kumi, nani alikuwa mwoga, nani alikuwa mchekeshaji hata mahabusu. Waliobaki hai, alisema, ni yeye na mwenzake mmoja, naye haamki kitandani.

Kikao cha pili kamati ilisikiliza faili likisomwa, ikaguswa sana, kisha ikagundua tatizo. Tatizo lilikuwa neno choo. Naibu alisema neno hilo haliwezi kuwekwa kwenye jiwe, wageni watakuja. Mmoja akasema liitwe maliwato. Mwingine akasema hilo nalo linanukia. Afisa utamaduni akaleta "kituo cha faragha cha jamii", diwani akauliza kama watu hawatadhani ni nyumba ya wageni, na hapo wakabishana saa nzima, mpaka chai ikapoa na Masjala akaipasha mara mbili.

Kisha afisa habari akasoma maelezo aliyoyaandaa kuhusu kila shujaa. Alipofika kwa bibi alisoma kwa sauti ya kutetemeka: huyu ni mama aliyesimama na mwiko wake, bila kuchoka, akiwapikia wajenzi.

Masjala aliinua mkono. Alieleza kwamba mwiko huo ni wa mwashi, wa kupigia lipu na kupanga matofali. Kwamba mwanamke alikuwa juu ya jukwaa. Kwamba hakuna anayepika akiwa juu ya jukwaa. Kwamba kilichokuwa kinakauka ni saruji, si mchuzi. Wajumbe walimtazama kwa upole, kama watu wanaomtazama mgonjwa.

"Mama," alisema Mwenyekiti, "mwiko ni mwiko. Tusiitie historia chumvi."

Wakapiga kura. Saba walisema ni wa jikoni, mmoja akasema ni wa ujenzi, na ukweli ukashindwa kwa njia halali. Masjala akaandika matokeo kwenye muhtasari kwa mwandiko mzuri. Kuhusu maneno ya jiwe jipya, kwa kuwa hawakuelewana, waliamua kama kamati zote za duniani zinavyoamua: Katibu aandae, Mwenyekiti asaini.

Katibu, yaani Masjala, aliandaa. Aliandika mistari michache usiku mmoja, akaipiga chapa asubuhi. Alibakiza miaka minne astaafu, na alijua watu waliowahi kustaafishwa kwa dogo kuliko hilo. Hakumwambia mtu, hata bibi. Akaitia karatasi katikati ya rundo la barua za kusainiwa, kati ya ombi la matairi na ruhusa ya likizo ya mlinzi. Mwenyekiti alisaini rundo lote huku akizungumza na simu kuhusu suti atakayovaa siku ya sherehe. Mkubwa hasomi, mkubwa anasaini. Na karatasi ikaenda kwa mchonga mawe ikiwa na muhuri wa nembo.

Siku yenyewe ilifika na mahema, viti vya plastiki na vipaza sauti viwili, kimoja kizima. Choo kilimwagiwa dawa kali mpaka wageni wa safu ya mbele wakawa wanafuta machozi, na mpiga picha akawapiga hivyohivyo, akidhani wameguswa. Wauza mboga waliambiwa wafunge meza zao waje kushangilia. Walikuja. Walisimama nyuma, kwa kuwa viti vilikuwa vya waalikwa.

Mama yake Mwenyekiti alikuwa wa kwanza kuitwa. Alikuwa bibi wa watu asiye na makuu, akamuuliza aliyemshika mkono hii ngao ni ya nini. Akaambiwa ni kwa kumzaa Mwenyekiti. Akasema yeye amezaa tisa, mbona wale wanane hawakualikwa. Kipaza sauti kizima kilikuwa karibu naye, kwa hiyo wote wakasikia.

Halafu akaitwa mama mkwe wa Masjala, "mpishi shujaa aliyewalisha wajenzi wetu". Alitembea taratibu kwa fimbo, Masjala kando yake. Mwenyekiti akafungua kasha lenye utepe, akatoa mwiko wa mti wenye urefu wa mkono, uliopakwa rangi ya dhahabu. Bibi aliupokea kwa mikono miwili, akaugeuza juu chini, akaomba kipaza sauti. Hilo halikuwa kwenye ratiba, lakini nani atamnyima bibi wa miaka themanini mbele ya kamera?

"Nashukuru," alisema. "Ila mimi sijui kupika. Mkaza mwanangu huyu hapa, muulizeni. Mwanangu alikuwa kama fito mpaka alipomwoa huyu."

Watu walicheka, na Mwenyekiti akacheka kuliko wote, akiamini ni utani wa kizee.

"Hao wajenzi mnaosema niliwalisha," bibi aliendelea, "ni mimi na wenzangu kumi. Mwiko niliokuwa nao ni wa kujengea. Bwana afya aliuona kwa macho yake, tena akaungoja." Akaulaza mwiko wa dhahabu mezani mbele ya Mwenyekiti, polepole, kama mtu anayemrudishia jirani chombo chake. "Huu mpeni mwenye sufuria."

Kule nyuma wauza mboga hawakupiga makofi. Walicheka kile kicheko cha wanawake kinachoanza na mmoja na hakijulikani kitaishia wapi. Mwenyekiti, aliyewahi kuokoka mikutano mibaya kuliko huo, akatangaza kwa haraka kwamba sasa ni wakati wa kufunua jiwe. Akashika pazia jekundu, akamgeukia mpiga picha, akavuta, na kwa ile sauti yake nzito aliyoipenda mwenyewe akaanza kusoma.

"Choo hiki kilijengwa na wanawake wa soko hili, kwa mikono yao, kwa matofali yao." Hapo sauti bado ilikuwa nzima. "Halmashauri ilikibomoa mara mbili, ikawaweka ndani wajenzi mara moja, kisha ikasema imekijenga yenyewe." Kufikia neno la mwisho sauti ilikuwa imekwisha kabisa. Chini ya maneno hayo yalifuata majina kumi na moja, na chini ya majina: Kwa idhini ya Mwenyekiti. Saini yake ilikuwa imechongwa vizuri mno, na mikia yake yote.

Wajumbe saba walianza kuchunguza viatu vyao. Ndipo muuza viazi mmoja, mwanamke mpana mwenye sauti ya soko, akapita katikati ya viti vya waalikwa, akasogelea jiwe na kuanza kusoma majina pale Mwenyekiti alipoachia. Alisoma la kwanza. Mtu nyuma akasema, huyo bibi yangu mzaa mama. Akasoma la pili, na la tatu, na kila jina likapata mwenyewe: mama yangu mdogo huyo, shangazi huyo, huyo alinilea. Alipofika la nne, Masjala alisikia sauti ikisema, "Mama mkwe wangu," na ilimchukua muda kutambua kwamba sauti ni yake. Bibi alimshika kiwiko kwa nguvu, akamshikilia hivyo mpaka majina yalipokwisha.

Kesho yake Masjala alipewa barua ya kujieleza, kurasa mbili, yenye maneno "utovu" na "hujuma". Aliijibu kwa mistari mitatu, akaambatisha nakala ya muhtasari na nakala ya saini, kisha akakaa chumbani kwake kusubiri kufukuzwa, akipanga mafaili ili atakayekuja asipotee.

Hakufukuzwa. Picha zilikuwa zimeshatumwa juu, na huko juu mtu mmoja, kwa sababu ambazo hazikuelezwa, alikuwa amezisoma. Barua ikashuka: katika halmashauri zote, hii peke yake ndiyo iliyokuwa na ujasiri wa kukiri makosa yake. Mwenyekiti anapongezwa. Mwenyekiti anaalikwa kutoa mada kwa wenyeviti wenzake, "Jinsi Nilivyowaenzi Wanawake". Barua ya kujieleza iliondolewa siku hiyohiyo, na Masjala akaagizwa aandae hotuba ya mada. Mwenyekiti alikwenda, akasema wazo lilimjia mwenyewe alfajiri moja, na kwa kuwa saini ilikuwa yake hakuna aliyeweza kumkanusha. Alirudi na ngao. Ilikuwa kubwa kuliko ya mama yake.

Mwanzoni Masjala alikasirika, akakaa na hasira yake siku mbili nzima akiigonga mihuri kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Siku ya tatu ilimpita. Alichukua barua ya kujieleza na barua ya pongezi, akazitoboa, akazifungia pamoja ndani ya faili la Usumbufu wa Wanawake, akaweka kamba mpya.

Jumamosi bibi alitaka apelekwe sokoni kuliona jiwe bila ya watu wenye suti. Walikwenda polepole, wakipumzika kila penye kivuli. Mbele ya jiwe bibi hakusoma kitu, majina aliyajua. Alipitisha kidole pembezoni, akagonga kwa kifundo, akatega sikio.

"Limekaa upande," alisema. "Na huku nyuma ameacha tundu. Mvua mbili tu litaanza kucheza."

"Nitawaambia Jumatatu, Mama."

"Usiwaambie. Watabomoa. Niletee saruji kidogo na kijana mwenye magoti, nitamwonyesha."

Masjala alicheka. Bibi hakucheka, alikuwa ameshaanza kukadiria mchanga. Mwanamke mwenye kapu la mchicha akaja mbio kutoka upande wa mezani kwake.

"Bibi, samahani, nipishe, nimebanwa."

Bibi akasogeza fimbo, akapisha, na yule akazama ndani bila kutazama ukutani. Bibi alimfuata kwa macho, kisha akamuuliza mkaza mwanawe kama siku hizi humo ndani kuna maji. Masjala hakujua. Wakaingia kutazama.